Tundu la Nozeli

Nilipanda Lutindi mwezi wa saba, kwenye baridi, nyuma ya bodaboda iliyonitoa Korogwe mjini. Chini kwenye mkonge kulikuwa na vumbi. Tulivyozidi kupanda vumbi likageuka tope, na ukungu ukaanza kunilowesha kope. Kila aliyeniuliza njiani nilimjibu kwamba nakwenda kuandika historia ya hospitali. Haukuwa uongo. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi ilianza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, yakiendeshwa na Waprotestanti wa Kijerumani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageukia kuwatunza wagonjwa wa akili. Hutajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Mwandishi yeyote angepata la kuandika pale.

Lakini hospitali haikuwa sababu yenyewe. Sababu yenyewe ni mzee mmoja mkulima wa iliki, mwenyeji wa milima hiyo, ambaye mwaka 2019 nilimharibia kibarua kwa habari ya aya sita.

Wakati huo mzee alikuwa akifanya kazi ya kuchoma taka kwenye kituo kimoja cha afya, mbali na Lutindi, nisichokitaja hapa. Shangazi yangu anaishi jirani na kituo hicho. Alhamisi ilikuwa siku ya kuchoma, na Alhamisi shangazi hakuwa akianika nguo. Moshi mweusi, mzito, wenye harufu ya plastiki, ulitoka kwenye bomba la tanuri na kulala juu ya paa za watu. Nikaenda kuuliza. Ofisini nikaambiwa kwa ufupi kwamba tanuri ni zima, ni la kisasa, linatumia dizeli, tatizo ni mhudumu hajui kazi, mzembe. Nikaandika hivyo. Nilipiga picha ya moshi, na pembeni ya picha mzee anaonekana ameshika fimbo ya chuma ya kuchokorea majivu. Wiki mbili baadaye kibarua chake kilikwisha. Moshi haukwisha.

Miaka minne ilipita. Siku moja niko Tanga mjini nazungumza na fundi wa tanuri za mikate kuhusu bei ya dizeli. Katika mazungumzo nikamsimulia ule moshi wa Alhamisi, kama watu wanavyosimuliana. Fundi hakucheka wala hakushangaa. Aliuliza swali moja: “Nozeli yake ilibadilishwa lini?”

Sikujua nozeli ni nini. Nilikuwa nimeandika habari kuhusu moto bila kujua moto ule unawashwaje.

*

Mzee alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nilimwamkia, akaitika, “Marahaba mwanangu, karibu,” na mkewe akaleta chai ya iliki. Nilipomaliza kujieleza mimi ni nani (alikuwa ameshanijua), nikamuuliza habari za nozeli. Hakujibu kwa maneno. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na bomba lake la mgongoni la kupulizia dawa nyanya, ndani likiwa na maji matupu. Akapiga mpini mara kadhaa, akashika mrija, akafungua. Maji yakatoka mstari mmoja mnene, yakachimba shimo dogo kwenye udongo. Kisha akazungusha kichwa cha mrija robo mzunguko. Mstari ukapotea. Badala yake ukatoka ukungu mwembamba, ukaenea, ukachanganyika na ule wa mlimani tusiweze kuutofautisha.

“Maji ni yaleyale,” akasema. “Kilichobadilika ni pale mlangoni tu.”

Nimesoma mengi tangu siku hiyo, na sijakuta maelezo mazuri zaidi ya hayo. Mambo yote ya kuchoma mafuta vizuri yako pale mlangoni.

Tuanze na jambo ambalo wengi tunalikosea: mafuta ya maji hayaungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukishakutana na hewa. Tone la dizeli likiingia motoni, ni ngozi yake ya nje tu inayogusana na hewa na joto. Hiyo ndiyo inayogeuka mvuke na kuwaka. Tumbo la tone linasubiri zamu. Tone likiwa kubwa, zamu haifiki: linapita kwenye moto, linagonga ukuta, linabaki masizi, au linatoka juu kwa bomba likiwa moshi. Kwa hiyo anayetaka moto safi haongezi mafuta. Anaongeza ngozi.

Nimepiga hesabu mwenyewe. Chukua kijiko cha chai cha dizeli, mililita 5. Ukiyaweka yote kuwa tone moja la duara, ngozi yake ni sentimita za mraba 14 hivi, ndogo kuliko kiganja cha mtoto. Sasa yapasue mafuta hayohayo yawe vitone vyenye upana wa sehemu 50 za elfu moja za milimita. Utapata vitone zaidi ya milioni 76, na ngozi zao zikijumlishwa zinafika sentimita za mraba 6,000. Hiyo ni meza ndogo ya sebuleni. Kutoka kijiko kimoja.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Dobi wa zamani, aliyepiga pasi ya mkaa, alijaza maji mdomoni akayapuliza juu ya shati, na shati likalowa sawasawa bila doa. Angeyamwaga kwa kikombe angeliharibu. Kwenye harusi za pwani, Tanga na Pangani na Unguja, mrashi hupitishwa kwa wageni: chupa yenye shingo ndefu na kichwa chenye matundu madogo, na maji ya waridi kidogo yakatosha ukumbi mzima. Midomo ile na matundu yale ya mrashi yanafanya kazi ya nozeli. Tofauti ni kwamba nozeli ya tanuri inapulizia moto.

*

Karne ya 19 ndiyo iliyoyafanya mafuta ya taa kuwa bidhaa ya dunia nzima. Mwaka 1846 Abraham Gesner, daktari na mwanajiolojia wa Kanada, alionyesha mafuta ya kuwasha taa aliyoyapata kwa kukamua makaa ya mawe. Mwaka 1853, katika mji wa Lviv, mfamasia Ignacy Łukasiewicz alitengeneza taa ya mafuta yaliyotoka kwenye petroli ya ardhini, na usiku wa Julai 31 mwaka huo taa zake zilimulika chumba cha upasuaji katika hospitali ya mji. Nimeipenda tarehe hiyo. Moja ya kazi za mwanzo kabisa za mafuta ya taa ilikuwa hospitalini.

Taa ile ilitumia utambi, na utambi ni mwalimu wetu sote. Kibatari, ambacho wengine wanakiita koroboi, ni kopo, utambi na mafuta. Utambi unavuta mafuta kidogokidogo, joto linayageuza mvuke, mvuke unawaka. Lakini hewa haitoshi, ndiyo maana kibatari kinatoa masizi, na waliosomea kibatari wanakumbuka asubuhi unapenga kamasi nyeusi. Chemli ikaja na kioo kinachovuta hewa kutoka chini, na moshi ukapungua. Mafuta yaleyale, hewa zaidi.

Mwaka 1892 huko Stockholm, Frans Wilhelm Lindqvist, fundi wa kiwandani, alitengeneza jiko aliloliita Primus. Bibi zetu walilijua kama stovu ya pampu. Hili liliachana na utambi. Unapasha kichwa chake moto kwanza kwa spiriti, unapiga pampu, mafuta yanapanda kwenye mirija iliyokwisha kupata moto, yanageuka mvuke humohumo, na mvuke unatoka kwa kasi kwenye tundu dogo mno huku ukivuta hewa. Moto wake ni wa buluu, unavuma, hauna masizi. Roald Amundsen alikwenda na Primus mpaka Ncha ya Kusini mwaka 1911. Karabai, ile taa ya pampu iliyomulika mikesha na madansa, inafanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila moto wake unaelekezwa kwenye kifuko cha kitambaa ambacho kikipata joto kinang'aa kuliko moto wenyewe.

Stovu ya pampu ilikuja na kifaa kimoja kidogo ambacho hadithi hii inakihitaji: pini. Tundu la stovu huziba kwa masizi, na dawa yake ni kulichoma kwa kijiwaya chembamba kilichofungwa kwenye kipande cha bati. Nyumba yenye stovu ilikuwa na pini imechomekwa mahali, kwenye ukuta au kwenye upindo wa pazia. Mtoto alitumwa: “Hebu niletee pini ya stovu.” Watu wengi walijifunza hivyo, kwamba tundu likiziba, chokoa.

*

Stovu inachemsha mafuta mpaka yawe mvuke. Hilo linawezekana kwa mafuta mepesi. Kwa mafuta mazito halifai, yanaganda na kuacha masizi kwenye mirija. Mazito inabidi kuyapasua kwa nguvu, na waliolazimika kujifunza hilo mapema walikuwa watu wa Baku, kando ya Bahari ya Kaspi.

Viwanda vya Baku katika miaka ya 1870 vilisafisha petroli ili kupata mafuta ya taa. Kilichobaki chini ya pipa, uji mweusi walioita mazuti, ulikuwa taka. Ulikuwa mwingi kuliko mafuta ya taa yenyewe. Walikuwa wakiumwaga au kuuchoma kwenye mashimo, na tunaweza kuwaza ule moshi. Ndipo mafundi wakaja na bomba lenye mrija ndani ya mrija: mvuke wa maji unapita kwa kasi, unayakuta mazuti yanatoka pembeni, unayachana vipandevipande na kuyatupia tanurini yakiwa ukungu. Aliyeuboresha ukaenea alikuwa mhandisi kijana, Vladimir Shukhov, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1870. Hakuwa peke yake, wengine walikuwa wakihangaika na jambo hilohilo. Lakini ndani ya miaka michache taka ya Baku ikawa bidhaa: meli za Kaspi zikaiwasha, na katika miaka ya 1880 mhandisi Thomas Urquhart akaiwasha kwenye vichwa vya treni kusini mwa Urusi.

Nataka msomaji abaki hapo kidogo. Mazuti hayakubadilika. Yaliyokuwa taka Jumatatu yakawa mali Jumanne kwa sababu ya umbo la mrija. Mzee wa iliki angesema: kilichobadilika ni pale mlangoni.

Huku kwetu teknolojia hiyo ilifika kwa reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, reli ya Afrika Mashariki ilianza kuhamisha vichwa vyake vingi kutoka kuni na makaa ya mawe kwenda mafuta mazito. Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilileta vichwa 34 vya aina ya Garratt, daraja la 59, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 250 hivi, vyenye nguvu kuliko vichwa vyote vya mvuke vya reli nyembamba ya mita duniani. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja kati ya vilivyosalia kiko makumbusho ya reli Nairobi, namba 5930, kinaitwa Mount Shengena. Shengena ni mlima wa Upare, jirani wa Usambara. Ndani ya tumbo la chuma lenye jina la mlima wetu, mvuke ulikuwa ukiyapasua mafuta kama kule Baku. Na kama hayakupasuka vizuri, dereva aliona juu ya bomba: moshi mweusi ni pesa inayoondoka.

*

Sasa turudi mwaka 1896, mwaka ambao makazi ya Lutindi yalianzishwa. Mwaka huohuo reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Muheza. Ingefika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Na mwaka huohuo, mjini Augsburg, Rudolf Diesel alikuwa akitengeneza tena injini ambayo ilikuwa imemshinda kwa miaka mitatu.

Wazo lake kwenye karatasi lilikuwa jepesi. Ukibana hewa sana inapata joto. Ukitia mafuta kwenye hewa hiyo yanawaka yenyewe, bila cheche. Jaribio la kwanza mwaka 1893 lilimlipukia. Mwaka 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa dakika moja hivi. Moja ya matatizo yaliyomsumbua muda wote lilikuwa lilelile: mafuta yataingiaje yakiwa vitone vidogo vya kutosha, ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho? Hatimaye alitumia hewa iliyobanwa kwenye chombo cha pembeni kuyapuliza mafuta ndani. Februari 1897 injini ilipimwa mbele ya wataalamu, ikageuza asilimia 26 ya nguvu iliyomo kwenye mafuta kuwa kazi. Mashine za mvuke za wakati huo hazikukaribia hapo.

Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini moja ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kwa matakwa ya serikali ya Ufaransa iliyokuwa ikiwaza makoloni yake ya Afrika. Wazo lilikuwa kwamba koloni lijiendeshee mitambo kwa mafuta ya mazao yake. Diesel mwenyewe alitoweka usiku wa Septemba 29, 1913 akiwa melini kuelekea Uingereza. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ikaanza kutoa kwa wingi pampu inayoyasukuma mafuta yenyewe kwa shinikizo kubwa kupitia nozeli, bila hewa ya kuyapuliza. Kuanzia hapo dizeli ikaingia kwenye malori, mabasi, mashine za kusaga na majenereta. Pita barabara yoyote ya gereji Korogwe au Segera uone vibao: “Fundi pampu na nozo.” Nozo ni nozeli. Kumbe neno nilikuwa nikilipita kila siku.

*

Tanuri la taka la hospitali ni mrithi wa historia hii yote. Shirika la Afya Duniani linasema sehemu kubwa ya taka za hospitali, kama asilimia 85, ni taka za kawaida tu. Ile 15 iliyobaki ndiyo yenye sindano, damu, viungo, dawa zilizoisha muda. Hizo haziwezi kutupwa jalalani, watoto wakaziokota.

Matanuri mengi madogo ya Afrika hayana bana wala pampu ya mafuta. Miongoni mwa yaliyoenea ni lile la matofali lililobuniwa na Profesa Jim Picken wa Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester. Lina vyumba viwili, bomba la moshi, na nguvu ya hewa inayopanda yenyewe. Kazi yake inategemea sana mkono wa mtu: kuni kavu, kupasha kwanza, kuingiza taka kidogokidogo. Aina nyingine, inayoitwa ya kisasa, ina bana: mota, feni, pampu ya dizeli na nozeli.

Yote mawili yana siri moja, chumba cha pili. Chumba cha kwanza kinaunguza taka, lakini humo unatoka moshi wenye gesi ambazo hazijaungua. Chumba cha pili kipo ili kuuchoma ule moshi wenyewe. Kinatakiwa kiwe na nyuzi joto kati ya 850 na 1,100, na moshi ukae humo kama sekunde 2. Ukipita bila kufikia joto hilo, hasa taka zikiwa na plastiki za aina ya mipira na mifuko ya dripu yenye klorini, unazaa sumu ziitwazo dioksini, ambazo mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka kwenye orodha ya vitu vya kupigwa vita duniani.

Ni nani anayekipa chumba cha pili joto hilo? Katika tanuri la dizeli ni bana. Na bana inategemea nozeli, kipande cha shaba kidogo kuliko kidole gumba, chenye tundu lisilofika nusu milimita. Pampu inayasukuma mafuta kwa shinikizo la mara kadhaa ya tairi la gari. Kabla ya kufika tunduni yanapitishwa kwenye vijia vilivyochongwa mshazari, yanazungushwa kama maji ya kisima yanavyozunguka yakinyonywa, yanatoka yakiwa pazia jembamba lenye umbo la faneli, pazia linachanika nyuzi, nyuzi zinakatika vitone. Feni inaleta hewa, cheche inawasha. Fundi wa mikate aliniambia kwamba nozeli hiyo hubadilishwa mara kwa mara, kama unavyobadilisha chujio la mafuta la gari, na kwamba kitu kimoja hakifanyiki kamwe: haichokolewi. Waya ukiingia unakwaruza kingo za tundu. Macho hayaoni tofauti, lakini faneli inapinda, upande mmoja unatoa ukungu na mwingine unatoa matone. Matone yanagonga ukuta. Chumba cha pili hakipati joto. Moshi unatoka mweusi.

*

Mzee aliniambia mwenyewe, sikumuuliza. Mafuta yalikuwa yakiletwa kwenye madumu, mengine na maji chini, mengine na mchanga. Chujio halikuwahi kubadilishwa. Mwaka wa pili nozeli ilianza kuziba. Aliripoti, akaambiwa asubiri bajeti. Taka hazikusubiri bajeti, sindano zilikuwa zinafurika kwenye maboksi. Basi Alhamisi moja alifungua bana, akaitoa nozeli, akaichokoa.

“Kwa nini?” nikauliza, ingawa nilishajua.

“Mama alikuwa na stovu,” akasema. “Tundu likiziba, unachokoa. Sasa mimi ningejuaje hii haichokolewi? Hakuna aliyenionyesha hata karatasi moja.”

Ikawaka, akafurahi. Baada ya mwezi moshi ukazidi, akachokoa tena. Kila akichokoa iliharibika zaidi, na kila ikiharibika alichokoa.

Nilikaa kimya. Kwa namna fulani ofisi haikudanganya: mkono ulioharibu ulikuwa wake. Nami niliuona mkono, nikaupiga picha, nikaona nimepata habari. Lakini mkono ule ulikuwa ukifanya kile ulichofundishwa na kifaa cha zamani, mbele ya kifaa kipya ambacho hakikuletewa mwalimu. Hao wa Baku walipewa mwalimu. Madereva wa Garratt walipewa mwalimu. Diesel alipewa miaka minne ya kukosea. Mzee alipewa fimbo ya chuma.

Nimesikia mara nyingi tukisema kwamba teknolojia hizi hazituwezi, au sisi hatuziwezi. Mzee huyo mwaka huu kwenye bomba lake la nyanya amefunga kitambaa cha chandarua ndani ya mfuniko ili kuchuja maji kabla hayajafika kichwani. “Tangu nifunge hiki, halizibi,” akaniambia. Hakuna aliyemfundisha. Alifikiri tu, baada ya kile kilichompata, kwamba dawa ya tundu si waya; dawa ni kuzuia uchafu usifike tunduni. Wahandisi huandika kurasa nzima kusema hivyo.

Jioni alinisindikiza mpaka panaposimama bodaboda. Ukungu ulikuwa umerudi. Aliniuliza kama kule wameshabadilisha nozeli. Nikamwambia wamebadilisha, mwaka jana, na wameweka chujio. Shangazi sasa anaanika hata Alhamisi.

“Vizuri,” akasema. Kisha, kama mtu anayetoa hesabu ndogo: “Lakini jina langu bado limeandikwa vile.”

Ni kweli. Gazeti halikuwahi kusahihisha, na mimi sikuwahi kuomba lisahihishe. Jina lake silirudii hapa, kwa ombi lake. Lakini sahihisho naliweka, kwa urefu wa habari za namna hii:

Katika habari niliyoandika mwaka 2019 kuhusu moshi wa tanuri la kituo kimoja cha afya, nilisema chanzo ni uzembe wa mhudumu. Si kweli. Chanzo kilikuwa nozeli iliyochakaa, mafuta machafu, chujio lisilobadilishwa, na mtu aliyekabidhiwa mtambo bila kuelekezwa. Mhudumu aliripoti tatizo kabla ya mwandishi kufika. Mwandishi hakumuuliza.